Mdogo Wangu, Hiyo Taima Umeipima?

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Stoo ya mama umeigeuza chumba cha giza, magunia ya mchele yamehamia sebuleni, mashine ya kukuzia picha umeipata kwa mzee aliyefunga studio yake, na sasa umekwama kwenye taima. Umenitumia picha za taima mbili: kijisanduku chenye namba nyekundu, na saa kubwa ya mtumba kutoka Marekani, akrabu zake zinang'aa kijani kama macho ya paka. Hiyo ya pili ni rahisi na imekupendeza. Nakuelewa. Hata mimi ilinipendeza.

Yangu niliuziwa na mtu aliyeniapia kwamba nikiitafutia transfoma tu, nimemaliza. Nikaitafutia, volti 240 zikashuka hadi 120, saa ikaguruma vizuri, nikajiona fundi. Kilichonitoa jasho ni mkanda wa harusi ya binti wa shangazi. Niliusafisha kwa kuangalia saa ileile, dakika 10 kama nilivyozoea. Ulipokauka, shela la bibi harusi kwenye negativu lilikuwa zito, jeusi tii. Kwenye karatasi likatoka jeupe pe, hata ua moja la darizi halionekani, nami nikakesha nikilitafuta.

Saa za aina ile zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Transfoma inashusha volti, mapigo haiyagusi. Kwa hiyo kila sekunde 10 za saa ile zilikuwa 12 za kweli, na dakika zangu 10 za dawa zilikuwa 12. Sidhani kama muuzaji alikusudia kunidanganya. Naye hakujua.

Sasa utaniuliza: Dada, kama siku zote ni 12, kwenye kuchapa picha shida iko wapi? Haipo! Hapo ndipo wengi wanapotupa pesa. Kwenye kuchapa, taima haidaiwi ukweli, inadaiwa msimamo. Ikisema 10 ikatoa 12, na kesho ikatoa 12, na keshokutwa 12, wewe na yeye mtaelewana. Inayokuumiza ni ile inayotoa 9 leo na 11 baada ya kusali isha, maana kipande cha majaribio kitakuambia hili na picha kamili itakuambia lile, na karatasi ndiyo inayokwisha.

Basi kabla hujatoa pesa, muombe mwenye nacho hicho kijisanduku akuruhusu ukipime. Chomeka taa ya mezani, weka sekunde 5, rekodi video kwa simu, bonyeza mara kumi. Nyumbani itazame video polepole, andika taa iliwaka muda gani kila mara. Zikipishana kwa moja ya kumi ya sekunde, chukua. Zikipishana kwa nusu sekunde, mwachie kwa heshima, maana hiyo ni asilimia 10 na kwenye ngozi ya uso utaiona.

Usitishike na taima zinazojisifu kwa vipande vidogovidogo vya sekunde. Balbu ya kawaida ya mashine nayo inahitaji muda kidogo kupata moto, na kwenye sekunde 2 muda huo ni mkubwa, kwenye 15 haupo. Banisha lenzi hadi f/8 au f/11, picha zako ziangukie kati ya sekunde 10 na 25, utapata na nafasi ya kufanya kazi ya mikono.

Kuna mwizi mwingine ambaye hakuna taima itakayomkamata: umeme wa jioni. Mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, volti zinashuka. Balbu ya waya ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Taima itahesabu sekunde zake 15 kwa uaminifu wote, na picha itatoka imepauka, nawe utailaumu dawa. Mita ya fundi umeme itakuonesha. Ukiona volti zinacheza, pesa ya taima ya kifahari inunulie stabilaiza, au fanya kama mimi: chapa baada ya saa sita usiku, watu wamelala.

Halafu hizo akrabu za kijani. Karatasi za kisasa zinazobadilisha ukali kwa vichujio zina macho ya bluu na ya kijani, ndiyo maana tunazifanyia kazi kwenye taa nyekundu. Saa inayong'aa kijani karibu na fremu ni jirani anayechungulia. Namba nyekundu kwa kawaida hazina neno, lakini usiniamini mimi, amini sarafu: ipe karatasi mwanga kidogo wa mashine, kiasi cha kuitia kijivu hafifu, weka sarafu juu yake, iache dakika 5 mbele ya taima na taa yako nyekundu, kisha isafishe. Ukiona alama ya duara, kuna kinachovuja. Ziba au sogeza.

Kitu ambacho ningekilipia bila kuuliza bei mara mbili ni pedali ya mguu. Siku utakapotaka kumkinga bibi yako uso usiwe mweusi, utakuwa umeshika waya wa hanga wenye kiduara cha boksi la dawa ya meno, unautikisatikisa chini ya lenzi ili ukingo usionekane, na mkono wa pili unakinga sehemu nyingine isiwe nyeusi. Kitufe utakibonyeza kwa pua? Mwenye cherehani anajua: mikono iko kwenye kitambaa, mguu ndio unaoendesha. Kijisanduku chako kama kina tundu la pedali, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kiwe pia na swichi ya kuwasha taa moja kwa moja wakati wa kulenga, na mlio kila sekunde. Na kama kichwa cha mashine yako si cha balbu ya kawaida bali cha halojeni chenye transfoma yake, muulize fundi kwanza kama rilei ya taima itastahimili.

Umeniuliza pia kuhusu taima za stopu, zile zinazopandisha muda kwa kuuzidisha badala ya kuujumlisha. Gene Nocon, mchapaji aliyefanya kazi London, ndiye aliyezieneza, na kitabu chake cha 1987 kiliwafungua wengi. Wazo lenyewe ni la jikoni: kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya watu wawili unakisikia, kwenye sufuria ya shughuli kimepotea. Vivyo hivyo sekunde 2 juu ya 4 ni nyingi, juu ya 30 si kitu. Kwa hiyo vipande vya majaribio usivipandishe 5, 10, 15, 20. Vipandishe 8, 11, 16, 22, 32, kila hatua iwe na uzito uleule. Taima hizo zinakufanyia hesabu, na ni nzuri, ila karatasi yenye namba hizo ukutani nayo inafanya hesabu ileile bure.

Kwa mwezi huu mimi nisingenunua chochote. Ansel Adams, ambaye alisomea piano kabla ya kushika kamera, alihesabu muda wa picha zake kwa metronomu. Pakua metronomu kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika, simu mfukoni kioo kikiwa kimezimwa kabisa, kofia ya lenzi mkononi. Hesabu kwa sikio. Baada ya karatasi ishirini au thelathini utajua mwenyewe kama unakosa pedali, au mlio, au hukosi kitu.

Ukishakipima hicho kijisanduku niandikie zile namba kumi, zote, hata zile za aibu. Na magunia yabaki hukohuko sebuleni. Vumbi la mchele na negativu havikai chumba kimoja, mwambie mama nimesema mimi.