Kitenzi 'evict' na Tafsiri Yake: Kutoka Roma hadi Kware

Utangulizi

Makala haya yanachunguza asili na maana ya kitenzi cha Kiingereza 'evict', na jinsi kinavyofaa kufasiriwa katika ilani zinazowalenga wakazi wa mitaa kama Kware, Nairobi. Suala hili si la kamusi pekee. Katika mtaa jirani wa Mukuru kwa Njenga, ubomoaji wa mwaka 2021 uliwaacha maelfu ya watu bila makao.

Asili ya kitenzi

Kitenzi hiki kimetokana na neno la Kilatini 'evincere'. Kiambishi awali 'e-', ambacho ni ufupisho wa 'ex-', huleta dhana ya 'nje' au 'kabisa'; 'vincere' ni 'kushinda'. Katika sheria ya Kirumi, neno hili lilihusu kutwaa mali kwa kushinda kesi. Kiingereza kililipokea katika karne ya 15 likiwa na maana hiyo ya kimahakama. Hivyo basi, tangu asili yake, kitenzi hiki kina hakimu ndani yake.

Tatizo la tafsiri

Vitenzi 'fukuza', 'timua' na 'furusha' hudokeza nguvu, wala havidokezi sheria. Kitenzi 'hama' kina manufaa zaidi, kwa kuwa Kiswahili hudhihirisha uhusiano wa mtenda na mtendwa kwa viambishi tamati. Tazama:

(a) Wakazi watahama.
(b) Wakazi watahamishwa.
(c) Wakazi watahamishiwa mahali pengine.

Katika (a), wakazi ndio watenda, anayewaondoa amefichwa. Katika (b), mnyambuliko unakiri kwamba yupo anayewahamisha, hata asipotajwa. Katika (c), kauli ya kutendea inamdai mwandishi ataje waendako.

Hata hivyo, hakuna kauli kati ya hizi inayobeba dhana ya sheria. Ni lazima iongezwe: 'watahamishwa kwa mujibu wa sheria'. Nyongeza hii ina uzito. Sheria ya Ardhi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, humtaka mwenye ardhi ya kibinafsi atoe ilani ya maandishi ya muda usiopungua miezi mitatu kwa anayeikalia bila idhini. Aliyepewa ilani anaweza kuipinga mahakamani.

Hitimisho

Mfasiri aandikapo 'watahama', humfanya msomaji adhani kwamba uamuzi ni wake mwenyewe. Aandikapo 'watahamishwa kwa mujibu wa sheria', humpa maswali ya kuuliza: nani anatuhamisha, kwa sheria ipi, na ilani ilitolewa lini?