Kabla ya Kuziamini Fotoni Zako Pacha

Ukipitisha fotoni moja moja kwenye mifereji ya mwanga iliyokaribiana, mwishowe utapata mchoro uleule ambao leza ya kawaida ingekupa. Basi usipoteze fotoni pacha kukagua mifereji; leza inatosha, na kamera inaiona. Leza hushindwa kuiga pale fotoni mbili zinapoingia pamoja, kama walivyoziingiza watafiti wa Bristol, Uingereza, mwaka 2010, kwa mifereji 21.

Kazi ni kuzifanya fotoni hizo zisitofautike. Tuseme leza ya nanomita 405 inapita kwenye fuwele, na fotoni zake chache zinagawanyika kuwa jozi za nanomita 810. Zikutanishe kwanza kwenye kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu, kila moja ikiingilia upande wake. Zikilingana rangi, mwelekeo wa mtetemo na muda wa kufika, zitatoka pamoja upande mmoja, na vitambuzi viwili vitakoma kulia kwa pamoja. Ukichora grafu ya milio hiyo ya pamoja dhidi ya tofauti ya muda wa kufika, hapo pana bonde. Hong, Ou na Mandel walilionyesha mwaka 1987 huko Rochester, Marekani.

Bonde hilo hukoswa kwa pupa. Kichujio cha nanomita 3 hulipa upana wa takriban milimita 0.2 tu, hivyo anayesogeza kioo cha kurekebisha urefu wa njia ya fotoni moja milimita nzima kwa hatua amelipita bila kujua. Nenda kwa maikromita 10, ukikumbuka kuwa kioo kinachorudisha mwanga hubadilisha urefu wa njia mara mbili ya ulivyokisogeza. Bado hulioni? Kagua mtetemo; nyuzi za mwanga zikikunjwa huugeuza.

Ondoa pia milio ya pamoja inayotokea kwa bahati tu. Kila kitambuzi kikilia mara 100,000 kwa sekunde, na dirisha la kulinganisha likiwa nanosekunde 5, zidisha zote tatu: milio 50 ya uongo kila sekunde! Kina cha bonde kikizidi asilimia 50, mwanga wa kawaida hauwezi kukieleza. Mimi nisingezipeleka fotoni kwenye mifereji kabla ya asilimia 90.

Ndani ya mifereji, pima kila jozi ya milango ya kutokea mara mbili: fotoni zikifika pamoja, kisha moja ikicheleweshwa hadi nje ya bonde. Zilizoingia mifereji jirani kwa wakati mmoja hupendelea kutokea upande mmoja. Zilizocheleweshwa huachana mara nyingi zaidi. Matokeo yako ni tofauti ya majedwali mawili ya vipimo hivyo. Jedwali la kwanza peke yake, hata likipendeza vipi, usilichapishe.