Kujenga Singida: hesabu ianze kabla ya msingi

Maboma yasiyopauliwa yamezagaa pembezoni mwa miji yetu, na Singida haijasalimika. Mara nyingi mwenye nyumba hakuwa mvivu wala mfujaji. Alipigia hesabu tofali na saruji, akasahau mengine. Gharama ya nyumba ni pamoja na maji utakayonunua, matengenezo utakayofanya na nauli utakayotoa kila asubuhi kwa miaka yote utakayoishi humo. Sehemu kubwa ya gharama hizo huamuliwa kabla jembe halijagusa kiwanja.

Kiwanja kwanza, ramani baadaye

Kiwanja cha bei nafuu kilicho mbali hulipiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, mara ya pili kwa bodaboda. Tuseme safari moja ni shilingi 1,000, na watu wawili wa nyumba hiyo huenda na kurudi siku 22 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 88,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Linganisha fedha hiyo na tofauti ya bei kati ya kiwanja cha mbali na kile cha karibu na shule, zahanati na soko. Kabla ya kulipa, tembea kwa miguu kutoka kiwanjani hadi huko, na utembee tena siku ya mvua.

Kisha fika ofisi ya ardhi ya halmashauri. Uliza kama eneo limepangwa na kupimwa, limetengwa kwa matumizi gani, na barabara inapita wapi. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano hauthibitishi kwamba kiwanja kimepimwa.

Mbunifu ni nani, na utamjuaje

Mbunifu majengo huchora nyumba na kusimamia ubora wake, mkadiriaji majenzi huandaa mchanganuo wa vifaa na gharama, mhandisi hupiga hesabu za nguvu ya jengo, fundi hujenga. Wabunifu na wakadiriaji husajiliwa na bodi yao, AQRB, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2010. Omba namba ya usajili na uihakiki kwenye bodi kabla ya kutoa malipo ya awali.

Watu wengi huiogopa ofisi ya mbunifu wakidhani ni ya wenye maghorofa. Ofisi ndogo hupokea pia nyumba za vyumba viwili. Mnaweza kukubaliana alipwe kwa hatua: kutembelea kiwanja, mchoro wa awali, michoro ya kuombea kibali, kisha ukaguzi wakati wa ujenzi. Andikeni makubaliano hayo. Na usianze kujenga bila kibali cha halmashauri. Kusimamishwa katikati ya kazi, au kuwekewa alama ya X ukutani, ni ghali kuliko ada yoyote ya michoro.

Nyumba ijibu hali ya hewa ya hapa

Ramani iliyochorwa kwa ajili ya Dar es Salaam haifai kuhamishiwa Singida kama ilivyo. Katika kijiji cha Magoda, Muheza mkoani Tanga, ofisi ya Kidenmaki ya Ingvartsen Architects ilijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha upepo na kuzuia mbu. Baadaye fikra hiyo ilipanuliwa hadi nyumba 110 mkoani Mtwara. Kwa joto la unyevunyevu, kuta hizo ni jibu zuri. Singida mjini iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: mchana jua ni kali, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Hapa ukuta mzito wa udongo ndio unaofaa, kwa kuwa hupokea joto polepole mchana na kuliachia usiku. Tembe za wazee wetu zilikuwa na faida hiyo. Udhaifu wake ulikuwa paa la udongo lililovuja, mchwa kwenye nguzo na madirisha finyu. Chukua ukuta wa tembe, kisha uongeze madirisha yenye wavu kama ya Magoda.

Ukiongea na mbunifu, sisitiza mambo manne:

- Upande mrefu wa nyumba uelekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu.
- Choo na jiko viwe magharibi ya vyumba vya kulala, kwa sababu upepo mwingi hapa huvuma kutoka mashariki.
- Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au waya mzito, zisipigiliwe misumari tu. Upepo wa Singida hung'oa bati.
- Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Bonde la Ufa linapita mkoani mwetu, na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilituonyesha kinachozipata kuta zisizofungwa.

Pima udongo kabla ya kununua tofali

Tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na miti ya nyanda hizi kame huchelewa kukua. Mbadala mmoja ni tofali la kufungamana la udongo na saruji kidogo, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali hilo limesambazwa kwa miaka mingi na NHBRA, wakala wa utafiti wa nyumba bora uliotokana na kitengo cha utafiti wa majengo cha mwaka 1971. Kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 15 kwa 10, mita moja ya mraba ya ukuta huhitaji tofali 33 hivi, na kwa kuwa hushikana lenyewe, udongo wa kujengea unaotumika ni mdogo sana.

Si kila udongo unafaa. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukipake mafuta ndani. Kijaze udongo uliolowa, ushindilie pembeni, kisha kianikwe juani siku tatu. Udongo ukikauka, usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Pengo kubwa maana yake mfinyanzi umezidi, kwa hiyo ongeza mchanga au saruji. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi, achana nao. Tofali zikitoka kwenye mashine zitunzwe kivulini zikiwa na unyevu kwa wiki moja, na zitimize siku 28 kabla ya kujengewa.

Msingi uwe wa mawe, ambayo Singida tumejaliwa, na uinuke walau sentimita 30 juu ya ardhi.

Paa ni chanzo cha maji

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 600 kwa msimu hupokea lita 36,000. Ukitoa inayopotea, zinabaki kama lita 28,800, yaani ndoo 1,440 za lita 20. Weka gata tangu siku ya kupaua, hata kama tenki utalinunua mwakani.

Jenga kwa awamu, mkiwa wengi

Bandu bandu huisha gogo, ila awamu zichorwe mapema. Huko Chamazi, Dar es Salaam, wakazi walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walinunua ardhi kwa pamoja, wakafyatua tofali zao wenyewe, na nyumba zikabuniwa ili mtu aanze na chumba kimoja na kuongeza baadaye. Mwambie mbunifu akuonyeshe ni chumba kipi kitakaliwa kwanza, na paa litaongezwaje bila kubomoa.

Njia za miguu nazo hupangwa mapema. Mpango wa Dodoma wa mwaka 1976 uliwapa watembea kwa miguu nafasi ya kwanza, lakini njia isiyolindwa huishia ndani ya uzio wa mtu. Mtaa wenu ukiingia kwenye urasimishaji, hudhurieni mikutano wakati wa kukubaliana nani aachie ardhi kiasi gani. Ombeni vichochoro vya kupita watoto wa shule, miti ya kivuli kandokando na mfereji wa maji ya mvua. Baada ya mawe ya mipaka kusimikwa, kila mita itahitaji fidia au kesi.

Siku ya kwanza kwa mbunifu, beba haya

Nakala ya hati au barua ya toleo. Picha za kiwanja, zikiwemo za wakati wa mvua. Idadi ya watakaoishi humo sasa na baada ya miaka kumi. Majibu ya kipimo cha udongo. Na kiasi halisi cha fedha ulichonacho, si kile unachotarajia. Kiasi hicho ndicho kitakachomwezesha kukuchorea nyumba utakayoweza kuipaua.