Kengele: Maneno ya Kutumia kwa Wenye Zamu

Mwongozo huu ni wa walimu wa zamu, walinzi na watunza kanisa wa Mbinga na Nyasa wanaopiga kengele au kuandika habari zake.

Kengele hupigwa na mtu, ndipo ikalia. Kwenye daftari la zamu taja mpigaji: "Mlinzi alipiga kengele saa 12:00 asubuhi." Ukiandika "kengele ililia" tu, utaulizwa ililizwa na nani, na kwa ruhusa ya nani.

Kitenzi kifuate chombo. Kengele ya kanisa huvutwa kamba, ulimi ukagonga ukingo. Ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, ambayo kwa shule nyingi ndiyo kengele yenyewe, hugongwa kwa nondo. Ya umeme hubonyezwa. Neno "kupiga" linafaa kwa zote. Ringi ikianza kutoa mlio mkavu usiofika hata bustanini, andika "imepasuka". Ukiandika "mbovu", fundi atakuletea kamba mpya.

Kwa upande wa kanisa, wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na desturi ya kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ni kupigwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Usiichanganye na kengele ya misa. Tangazo la "njooni kengele ikilia" halimsaidii mtu. Sema ya kwanza au ya pili. Ya msiba hupigwa taratibu, pigo moja moja, na anayeisikia huuliza kwanza, "Nani?"

Kwa moto au mtu aliyezama, kibao cha kengele kiseme "piga mfululizo". "Piga kwa nguvu" haitoshi: pigo moja, hata liwe kubwa namna gani, wa ng'ambo ya bonde atadhani ni mapumziko. Upepo ukivuma kutoka ziwani, walio mitumbwini hawatasikia kitu. Atumwe mtu ufukoni.

Meli ya MV Mbeya II ikitia nanga Mbamba Bay hupiga honi, gari la wagonjwa hupiga king'ora, na wacheza ngoma huvaa njuga. Hizo zote usiziandike kama kengele.

Kuhusu "nani atamfunga paka kengele?", msemo huo unanoga kikaoni, hasa mkuu akiwa hayupo. Kwenye muhtasari liandikwe jina la aliyekabidhiwa kazi, na tarehe ya kuimaliza.