SAA ZA BASI NA SAA ZA MAJI: MSAMIATI WA KUUNGANISHA SAFARI YA VISIWANI LAMU

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda Lamu kukusanya data ya lahaja au ya tendi huianza kazi yake, ajue asijue, kabla hajafika kisiwani. Safari yenyewe ni ya vyombo viwili. Basi humtoa Mombasa, likapita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, na baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 300 humshusha Mokowe, ukingoni mwa bara. Kutoka hapo hupanda boti hadi mji wa Lamu. Na kama aendako ni Pate, Siyu au Faza, hana budi kutafuta chombo kingine tena. Makala hii inahusu mahali hapo ambapo abiria huliacha gari na kushika maji. Hoja yake ni kwamba anayeunganisha basi na chombo hatoki barabarani kuingia baharini tu, bali huhama pia kutoka mfumo mmoja wa kuhesabu wakati hadi mwingine. Kiswahili kina msamiati kamili wa mifumo yote miwili, ingawa mafunzo ya madarasani yamezoea kuushughulikia mmoja.

Bahari ndani ya basi

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba lugha ya stesheni ya basi yenyewe ilitoka baharini. Neno "abiria", linalotumiwa leo kwa kila aliyelipa na kuketi ndani ya gari, lina uhusiano na kitenzi "abiri", yaani kusafiri kwa chombo cha majini, na shina lake la Kiarabu lina maana ya kuvuka. "Nauli" nayo, anayodai kondakta kabla ya basi kufika Mtwapa, ilikuwa malipo ya chombo: Kiarabu kililipokea neno hilo kutoka Kigiriki, na huko kote lilihusu merikebu. "Shehena" ilipakiwa jahazini kabla ya kufungwa juu ya paa la basi. Wanahabari wa Kenya nao wamezidisha: siku hizi mkutano, mashindano na hata muhula wa masomo "hung'oa nanga". Wako wahakiki wanaoukejeli msemo huo kwa kuchakaa kwake, na huenda wana haki, lakini unathibitisha kwamba mwanzo wa safari katika fikra za Waswahili bado ni wa chombo, si wa injini ya dizeli.

Kwa upande mwingine, maneno yaliyokuja na gari yamerudi yakaingia majini. Katika ujia wa Likoni, "feri" imekuwa jina la chombo na jina la mahali kwa pamoja, hata makanga wa matatu huita "Feri! Feri!" akimaanisha kituo. Dar es Salaam chombo cha namna hiyo huitwa pantoni. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yaendayo Malindi yalivushwa kwa feri, hivi kwamba msafiri wa Lamu wa enzi hizo alikutana na maji mara kadhaa kabla ya kufika Mokowe.

Neno sanifu "kivuko" lina utata wa aina hiyo hiyo. Limeundwa kutokana na "vuka" kwa kiambishi ki- na kiishio -o, muundo ambao katika Kiswahili huweza kuzaa jina la ala na hata jina la mahali. Kwa hiyo sentensi "Abiria wasubiri kivuko" inaeleweka vyema, lakini "Abiria wasubiri kivukoni" na "Abiria wasiingie kivukoni kabla ya magari" humwacha msomaji akijiuliza kama anaelekezwa ufukoni au ndani ya chombo. Anayeandika tangazo la usalama hapaswi kumwachia abiria kitendawili. Njia nyepesi ni kutenga maneno: "gati", "jeti" au "diko" kwa mahali, na "feri", "boti" au "chombo" kwa kinachoelea. "Diko" hasa ni neno linalostahili kufufuliwa, kwani lina maana ya mahali vyombo vidogo vinapofikia pwani, na halina mshindani.

Saa ya tikiti

Tikiti ya basi huandikwa saa kwa desturi ya Kiingereza, nayo husomwa kwa Kiswahili. Iliyoandikwa 7.00 asubuhi ni saa moja. Mswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo na za usiku tangu machweo. Adhuhuri ni saa sita. Haya yanajulikana na kila mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hata hivyo, katika insha za wanafunzi, katika mabango na katika simu za mkononi zilizowekewa Kiswahili, hukutwa maandishi kama "saa 7.00 asubuhi", ambayo si Kiswahili wala si Kiingereza. Kosa hilo likihusu mhadhara, mtu hufika akapata ukumbi mtupu. Likihusu basi la Lamu, siku nzima hupotea. Tangazo linalosema "saa 1.00 usiku" laweza kusomwa na mmoja kuwa mara tu baada ya magharibi na mwingine kuwa usiku wa manane, na wote wawili wakawa na sababu.

Kuna tatizo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Katika desturi ya mwambao siku huanza jua linapotua. Mzee anayesema "usiku wa Ijumaa" aghalabu anamaanisha usiku ambao mfanyakazi wa ofisi angeuita Alhamisi usiku. Kijana aliyeagana na mwenyeji wake akutane naye "usiku wa Ijumaa" aweza kuchelewa kwa saa ishirini na nne huku akidhani amewahi. Kiswahili sanifu kina dawa yake: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Maneno hayo hayaachi shaka, na inafaa yatumiwe katika matangazo yote ya safari za usiku.

Saa ya maji

Abiria akishashuka Mokowe, saa ya ukutani hupungukiwa na mamlaka. Mvuko wa kutoka Mokowe hadi Lamu ni mfupi na boti hufanya safari nyingi mchana, kwa hiyo mgeni huenda asitambue mabadiliko. Huyatambua anapotaka kuendelea hadi kisiwa cha Pate. Vyombo vitokavyo Lamu hupita mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, uitwao Mkanda. Mlango huo una kina kidogo, na chombo hupita maji yakiwa yamejaa. Mlango wa Siyu, unaopita katikati ya mikoko, una sharti hilo hilo. Nahodha akiulizwa ataondoka saa ngapi hujibu kwa kutaja maji, na jibu lake ni sahihi kuliko ratiba yoyote.

Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja, hivi kwamba kila siku hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo: hayo ni maji mafu. Maneno haya yamo katika kamusi, lakini ni wanafunzi wangapi wa bara wanaoweza kuyaeleza bila kuifungua?

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika pwani ya Kenya bamvua hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu na saa nne. Tuseme mtafiti ameondoka Mombasa mapema na kufika Lamu saa nane mchana wakati wa bamvua. Atakuta maji yanajaa, na chombo cha kwenda Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate, huenda bado kipo. Mwenzake akifanya safari hiyo hiyo, kwa basi lile lile, wiki moja baadaye, dakika zile 50 zitakuwa zimejilimbikiza zikakaribia saa sita. Maji yatakuwa yamejaa saa nne asubuhi, naye atafika yakiwa yanakupwa. Ni kweli kwamba maji mafu hayapwi mno, lakini nahodha wa chombo kilichosheheni hana haja ya kubahatisha, na yamkini ameshaondoka. Basi halikuchelewa hata dakika moja, ila abiria amechelewa.

Kuchelewa kwa basi nako kukiongezwa, mambo huzidi ugumu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi ya njia hii yalilazimika kusafiri kwa msafara wenye ulinzi, mchana tu. Neno "msafara", lililowahi kuhusu wapagazi na pembe za ndovu, likarudi barabarani na maana mpya.

Familia ya -pwa

Kitenzi "pwa" ni cha silabi moja, nacho hufuata kanuni ya vitenzi kama "fa" na "la". Husemwa "maji yanakupwa" na "maji yamekupwa", lakini "hayajapwa" na "hayapwi". Wanafunzi wengi huandika "yamepwa" kwa kuwa hawajawahi kukisikia kitenzi hicho kikitamkwa. Hakuna anayeandika "amefa" au "amela". Ni muhali kuifahamu kanuni ya neno lisilotumika.

Na hasara si ya kitenzi kimoja. Humo mwatoka "pwani", yaani mahali maji yanapokupwa, na "upwa", ukanda wa ufuo unaofunikwa na kufunuliwa na maji. Humo pia mwatoka "kupwelewa": chombo kilichoachwa na maji kikakaa juu ya mchanga au tope kimepwelewa. Mtafsiri asiyelijua neno hili huandika "kukwama", na basi nalo hukwama. Lakini aliyekwama kwenye tope la barabara hutafuta watu wa kusukuma, ilhali aliyepwelewa Mkandani hana la kufanya ila kungoja maji yarudi, na hiyo ni kazi ya saa kadhaa juani, pengine na watoto na maji haba ya kunywa. Upwa wote wa Afrika Mashariki una jina linalotokana na kitenzi hiki, na bado kuna vitabu vya sarufi vinavyoorodhesha vitenzi vya silabi moja bila kukitaja.

Njeo na hali za kitenzi zina uzito wake vilevile. "Maji yanajaa" na "maji yamejaa" ni sentensi mbili ambazo darasani hutofautishwa kwa mfano wa ndoo. Gatini tofauti yake ni ya kuamua. Anayeambiwa "yanajaa" ana nafasi ya kunywa chai. Anayeambiwa "yamejaa" hana: kikomo kimefikiwa, na kinachofuata ni kupwa. Mgeni aliyezoea kudhani kwamba kujaa ni hali ya kutulia huweza kulipokea jibu hilo kama habari njema, kumbe ameharakishwa.

Sikio la mgeni

Huongezeka hapo suala la lahaja. Sauti ya "j" katika Kiswahili sanifu mara nyingi huwa "y" katika Kiamu, na "njia" huwa "ndia". Jua ni "yua", jana ni "yana", na maji ni "mai". Kwa hiyo atakachosikia mtafiti si "maji yamejaa" bali "mai yameyaa". Aliyesoma fonolojia ya lahaja za kaskazini vitabuni anaijua kanuni hii na pengine ameijibia mtihani. Kuitambua mara moja, injini ya boti ikinguruma na mizigo ikipitishwa juu ya vichwa vya watu, ni ujuzi mwingine. Hapo ndipo wahadhiri wanaopanga ziara za uwandani wangeweza kusaidia: rekodi ya dakika kumi ya mazungumzo ya gatini ingemfaa mwanafunzi kuliko orodha ya jozi za sauti.

Kabla ya kukata tikiti ya basi, mtafiti aendaye Pate angeanza kwa kutazama mwezi, si kalenda ya ukutani. Ahesabu ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama, akadirie maji yatajaa saa ngapi siku atakayofika, kisha arudi nyuma hadi saa ya kuondoka Mombasa. Na hesabu ikikataa, apange kulala Lamu usiku mmoja. Akifika gatini, asimuulize nahodha "Chombo kinaondoka saa ngapi?" Amuulize "Maji yanajaa lini?" na atege sikio kusikia kama jibu ni "yanayaa" au "yameyaa".