Kushiba Si Kukua
Njia ya kale ya misafara, Bagamoyo hata Ujiji, ilipita Tabora; mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Kwa njia hiyo dagaa wa Ziwa Tanganyika hufika Tabora, na mashamba ya hapo huzaa karanga. Mbona basi watoto wadumaa? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu si njaa tu: mtoto hujazwa uji wa mahindi matupu, karanga huuzwa, mama hushinda shambani kwenye tumbaku, na kuharisha humdhoofisha. Wazazi, maziwa ya mama pekee yatosha miezi sita; kisha tuutie uji karanga zilizosagwa au unga wa dagaa. Kabla gunia halijaenda sokoni, tutenge fungu la mtoto.