Bunduki Haimkomazi Kijana

Wako wazazi wanaodhani ya kuwa kijana akivaa sare na kushika bunduki amekwisha kuwa mtu mzima. Fikra hiyo yafaa tuipime kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe, katika njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi.

Mwezi wa Agosti 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyopigana upande wa Waingereza, yaliingia Kilosa, penye reli ya kati. Wadachi wakarudi nyuma upande wa kusini, kwa njia ya Mikumi na Kidodi. Vita hivyo twaviita vya wageni, na kweli vilianza Ulaya mwaka 1914. Lakini wengi walioshika bunduki za Wadachi walikuwa Waafrika. Nao Waingereza wakazidi kuwaandika Waafrika katika jeshi la Keya. Mwaka 1917 kikosi cha 6 cha Keya kiliundwa kwa askari waliotekwa kutoka kwa Wadachi. Basi mtu aliweza kumlenga leo yule aliyekula naye jana chungu kimoja. Je, hivyo si vita vya ndugu kwa ndugu?

Katika jando, wazee humfundisha kijana heshima, kazi, na wajibu wake kwa walio dhaifu. Kisha humrudisha nyumbani. Vita vilifundisha kinyume. Kijana alifundishwa kutii amri, wala hakufundishwa kuuliza chakula alichonyang'anya kilikuwa cha nani. Huko Ugogo, jirani ya Kilosa, majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe. Mvua nazo zikakosekana, ikafuata njaa kubwa iitwayo Mtunya. Na wapagazi wa Waingereza peke yao walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi. Hao hawakuwa na bunduki, bali mizigo tu.

Hatusemi ya kuwa askari hana heshima. Alindaye nchi yake kwa haki astahili sifa. Twasema kwamba bunduki humpa kijana nguvu tu. Akili ya kuitumia nguvu hiyo, na moyo wa kuizuia, havitoki katika ghala ya silaha, hutoka nyumbani.

Kwa hiyo, enyi wazazi, wasimulieni watoto habari za vita bila kuzipamba. Mtoto akiuliza ni nani aliyeshinda, mjibuni. Kisha nanyi mwulizeni: ni nani aliyebeba mizigo, na ni nani aliyelala njaa? Akijifunza kuuliza hivyo mwenyewe, ameanza kukomaa.